Feni ya mama haijawahi kuharibika

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna feni ya mezani yenye heshima kuliko wajukuu. Ukiingia mchana wa Februari, joto limekaba na upepo wa bahari umegoma, mama hakuulizi kama utakunywa maji. Kwanza anakusogezea feni. Ni ya kijani kilichopauka, wavu wa chuma, mapanga ya chuma, na kitako kizito ambacho nina hakika unaweza kuvunjia nazi. Vitufe vyake vinne vilikuwa vyeupe, sasa vina rangi ya meno ya mvuta sigara. Jina la kampuni limeshafutika kwa miaka ya kitambaa cha mama. Imebaki herufi moja tu.

Baba aliinunua mwaka 1986 kwa baharia aliyeshuka nayo bandarini. Wakubwa wanazikumbuka zile foleni za sabuni na sukari za miaka ya mwanzo ya themanini. Mzee Mwinyi alipoingia Novemba 1985, ruksa ikawa ruksa, na vitu vikaanza kuonekana tena. Baba alikuwa karani wa reli. Mama anasema feni ile ilikula mishahara karibu mitatu, na kwamba alimnunia baba wiki nzima, mpaka usiku mmoja wa joto alipojikuta amelala fofofo bila kujipepea kwa kipepeo cha ukili. Hakununa tena.

Kauli yake juu ya feni hiyo naijua kwa moyo, maana nimelelewa nayo: "Tangu babako aniletee, haijawahi kuharibika hata siku moja. Nyie na vitu vyenu vya siku hizi, mwapenda rangi tu."

Na mie nilikuwa namwamini. Nitaachaje, wakati kwangu Tabata, Dar, ni kama makaburi? Kuna blenda iliyodumu miezi kumi na minne. Haikuungua wala nini, ni kile kigurudumu cha plastiki chini ya jagi kilicholika meno, ikawa mota inanguruma na kisu kimetulia kama hakisikii. Kuna birika la umeme lililoanza kuvuja kwenye kile kidirisha cha kuonyesha maji. Kuna pasi niliyoigundua siku moja kwamba inapata moto ikiwa imelazwa ubavu tu, na nikaipigia pasi hivyo hivyo, nimeinamisha shingo, kwa miezi mitatu. Halafu ikaja feni. Nilitoa elfu hamsini na tano, nyeupe, nzuri, ina taa ndogo ya bluu. Mwaka mmoja na miezi minane, ikazima jioni moja katikati ya kuzunguka. Taa ya bluu ikabaki inawaka.

Nilimpelekea fundi mmoja karibu na kituo cha daladala. Hata bisibisi hakushika. "Dada, hii nunua nyingine tu."

Niliudhika, nadhani zaidi kwa sababu ya ile taa. Desemba nilipokwenda kwa mama niliifunga feni kwenye kanga nikapanda nayo basi. Abiria wa pembeni aliniuliza kama Tanga hakuna feni. Nikamwambia Tanga kuna mafundi.

Fundi niliyemkusudia ni mzee, kibanda chake kiko barabara chache tu kutoka kwetu, na alikuwa rafiki wa baba. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya mama, hali ya Dar, mvua, ndipo akaitazama feni. Aliipindua, akatafuta skrubu. Zilikuwa mbili tu. Kwingine kote ni vibano vya plastiki vilivyopachikwa, ambavyo ukivifungua vibaya vinakatika na havirudi. Alivifungua kwa ncha ya kisu cha mezani, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kimoja kilikatika. Akaguna.

Alishika shafti ya mota kwa vidole viwili akajaribu kuizungusha. Ilikuwa nzito kama imegandishwa kwa gundi. "Bushi zimekauka," akasema. Bushi ni vile vipete vya shaba vinavyoishika shafti mbele na nyuma. Vimetengenezwa na vitundu vidogo vidogo vya kunywa mafuta, na pembeni yake huwekwa kipande cha sufi kilicholowa mafuta. Sufi ya feni yangu ilikuwa kavu kama utambi wa taa isiyo na mafuta. Shafti ikiwa nzito mota inahema, ikihema inapata joto.

Kisha akaniita nisogee. Akachana uzi uliofunga koili, ule waya uliosukwa ndani ya mota, akachokonoa katikati yake, akatoa kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kimefichwa kwenye kimfuko cha njano. Fyuzi ya joto. Mota ikipata moto kupita kiasi, kile kidude kinakatika ndani, umeme hausogei tena, na kikishakatika ndiyo basi. Feni yangu haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imejifunga mlango. Fyuzi mpya shilingi elfu moja, matone machache ya oili ya cherehani, na ufundi elfu tano.

Niliona nimepata ushindi, nikaanza kumkandia yule fundi wa Dar. Mzee akanikatiza. Akachukua wembe, akakwangua ncha ya waya wa koili, ule unaong'aa wekundu wa shaba. Chini ya rangi palikuwa peupe.

"Alumini," akasema. "Imepakwa rangi tu. Shaba ghali, mwanangu." Akaeleza kwamba alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inapata joto zaidi, na kuiunga kwa risasi ni kazi ya kutafutana lawama. "Hii koili ikiungua sisuki. Ya babako nilisuka kwa shaba."

Nikamwuliza, ya baba ipi?

Akanitazama. "Feni ile ya kijani. Nimeisuka mie mwenyewe. Daftari la babako halipo?"

Daftari lilikuwepo. Lilikuwa kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za sikukuu, pamoja na hati ya kiwanja na kadi zetu za kliniki. Daftari la mistari, jalada limeondoka. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani mpaka kwenye damu. Kila kitu cha nyumba kilikuwa na ukurasa wake: cherehani, baiskeli, redio, pasi, feni. Nanakili ukurasa wa feni kama ulivyo:

"1991, bushi mbili. 1994, kamba ya umeme, panya. 1998, koili imeungua, kusuka upya, moshi mwingi, mama kagombana na jirani. 2003, kapasita. 2004, kapasita tena, ile ya kwanza feki. 2009, bushi mbili. 2012, gia ya kugeuzia shingo, imechongwa."

Mara saba kwa muda wa miaka ishirini na sita. Na hapo sijahesabu "kusafisha na mafuta", maandishi yanayorudi kila Januari, bila kukosa, hadi mwaka aliofariki.

Nikampelekea mama kule uani alikokuwa anachambua mchele. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo mara mbili, akasema: "Hiyo si kuharibika. Hiyo ni kuumwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama vitu vya zamani kwa jicho lingine. Nilidhani vilitengenezwa visife. Kumbe vilikuwa vinakufa kila baada ya miaka michache, ila mlango ulikuwa wazi, mtu aliweza kuingia na kuvitoa kuzimu. Feni ya mama ina skrubu kumi na moja, nimezihesabu, zote za kichwa cha kawaida. Na haina fyuzi ya joto. Ndiyo maana mwaka 1998 bushi zilipokaza haikujizima, ilijichoma yenyewe mpaka moshi ukaingia kwa jirani. Ile yangu ya plastiki ilikata umeme kimya kimya nikiwa sebuleni na mtoto amelala chumbani. Kwa hilo, sema utakavyo, naishukuru.

Halafu kuna kurasa nyingine za daftari, ambazo mama hazisimulii. Redio ina mistari mitatu, kisha neno moja: "Basi." Friji la kwanza, alilolinunua 1990 kwa mtu aliyekuwa anahama, halikumaliza hata ukurasa. Kuna pasi ya umeme ambayo mie siikumbuki kabisa. Vyote hivyo vilikwenda na wale wa chuma chakavu, na kwa sababu havipo mezani hakuna anayevitaja. Feni imebaki, ndiyo inayosema kwa niaba ya enzi nzima. Ukimwuliza mama kuhusu lile friji anasema, "Lile lilikuwa bovu toka huko lilikotoka."

Friji lililofuata, la miaka ya tisini, lilidumu kweli, mlango mzito kama wa gari, halina bodi ya umeme wala nini, ni kompresa na kidude cha kupima baridi. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika linastuka kidogo linaendelea. La dada yangu la sasa bodi yake iliungua kwa mjusi. Mjusi aliingia nyuma kutafuta joto, akagusa pasipogusika, akaondoka na friji la laki nane. Lakini tulipolitoa lile la zamani, unit za LUKU zilizokuwa zinakwisha baada ya wiki mbili zikaanza kumaliza karibu mwezi. Mama aliamini mita imeharibika. Hakuniambia mpaka baadaye, kwa kuogopa tutaitengeneza.

Mpwa wangu, kijana wa mambo ya njama, alipoona nimeandika kuhusu haya alinitumia habari za balbu. Safari hii alisema kweli. Mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu, zikiwemo Osram na Philips, zilikaa Geneva zikakubaliana balbu zisidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyezidisha akawa anatozwa faini. Akaongeza na ile balbu ya kituo cha zimamoto huko Livermore, California, inayowaka tangu 1901. Nikamjibu kwamba hiyo balbu hawaizimi, na mwanga wake ni wa wati nne hivi. Ukifanya nayo homuwaki utafeli. Kitu kingine kisichokufa ninachokijua ni pasi ya mkaa ya bibi, yenye jogoo juu ya komeo, na sioni mtu anayegombea kuirithi.

Nisijifanye hakimu. Fundi wa Dar alikataa feni yangu kwa hesabu tu. Kufungua vibano, kuchokonoa koili, kutafuta fyuzi, ni saa nzima na nusu, na hawezi kunitoza zaidi ya elfu kumi wakati mpya ni hamsini na tano. Baba angetoa mishahara mitatu halafu aitupe kwa sababu ya bushi? Angelala kibandani kwa fundi. Kinachoniudhi ni vile vibano. Skrubu nne zingegharimu nini?

Nilirudi Dar na feni yangu kwenye kanga ile ile, inazunguka vizuri, haina kelele. Nikanunua daftari kabisa, nikaandika mstari wa kwanza: fyuzi ya joto, mafuta, sh. 6,000. Nilijiona nimekuwa mtu.

Wiki ya tatu shingo ilikatika. Si mota, mota bado ni nzima. Ni plastiki, pale kilipokatika kile kibano, ufa ulishuka mpaka chini, na asubuhi moja nikaikuta imeinamisha uso sakafuni inawapulizia sisimizi. Nikampigia mzee. Akacheka hadi akakohoa. Plastiki, akasema, hana dawa yake, labda niifunge kwa mpira wa baiskeli.

Nimeifunga. Imeegemea ndoo ya unga, haigeuki tena kulia wala kushoto, inapuliza kwenye kochi moja tu na ndilo tunalogombania. Mama alipiga juzi kuuliza hali. Nikamwambia feni imevunjika shingo. Akanyamaza kidogo, nikasikia nyuma yake ile ya kijani inavyolia tik, tik, kila ikifika mwisho wa mgeuko.

"Umeandika kwenye daftari?" akauliza.