Gia ya pili mpaka Mwanga

Jumanne, usiku

Wanaofundisha pikipiki hapa mjini Kigoma huanza na klachi, wakamalizia na breki, na katikati wanakwambia, "Gia utazizoea mwenyewe." Ni kweli utazizoea, ila wapo walioendesha miaka mingi huku wamezizoea vibaya. Leo nimempakia shangazi kutoka Ujiji hadi stesheni, na njia nzima nimekuwa nikiliwaza hilo. Ninavyoona mimi, gia hubadilishwa kwa ajili ya kilichopo mbele yako. Mshale wa spidi unakuja baadaye.

Kigoma hatuna foleni ya Dar es Salaam. Foleni yetu inatembea, na hapo ndipo penye kazi. Daladala inasimama bila taarifa, bajaji inakata kona, na mbele yako kuna baiskeli yenye madumu ya mawese, mwenyewe anakanyaga kana kwamba barabara aliachiwa urithi na babu yake. Husimami, hukimbii. Kwa mwendo huo, pikipiki yangu ya cc 125 inatulia gia ya pili, kuanzia kama kilomita 12 hadi 25 kwa saa. Ikizidi hapo naweka ya tatu. Ya nne naiacha mpaka barabara iwe tupu na mwendo uvuke 40. Ni namba za pikipiki yangu tu; yenye sproketi (meno yanayozungusha cheni) tofauti, au iliyobeba gunia, ina zake. Hata hii yangu shangazi akipanda lazima niisubiri kidogo kabla sijapandisha.

Vijana wengi wa bodaboda hukimbilia gia ya juu mapema ili kubana mafuta. Injini ikizunguka taratibu hula kidogo, sibishi, mradi isiwe inabebeshwa. Lakini weka ya nne ukiwa kwenye 20 halafu vuta mafuta: cheni inapigapiga, vikanyagio vinatetemeka, injini inagugumia. Unafungua mafuta mengi kupata nguvu kiduchu. Na mtoto akikatiza barabara, chombo hakikupi nguvu ya kumkwepa wala hakikushiki ukiachia. Kwenye ya pili, ukiachia mafuta mwendo unapungua wenyewe kabla hujagusa breki, na ukivuta kinaitika papo hapo. Nyuma ya ile baiskeli ya mawese nilitumia kiganja cha kulia peke yake, hadi nafasi ya kuovateki ilipopatikana.

Kipimo changu cha gia ni kofia ya abiria. Ukiachia klachi kwa pupa, kofia yake inagonga yako. Tulipofika Mwanga, kabla ya stesheni, shangazi akasema, "Mwanangu, leo kofia zetu hazijagombana." Kwa shangazi huyu, hizo ni sifa kubwa.

Kupangua, yaani kushusha gia, ndiko kunakowashinda wengi. Mtu anafika kwenye tuta au zebra akiwa gia ya nne, anasimama nayo, kisha anaanza kugongagonga pedeli kutafuta ya kwanza. Haiingii, kwa sababu meno ya giaboksi yaliyosimama hayapangani kirahisi. Inabidi asukume pikipiki mbele na nyuma huku daladala inampigia honi. Pangua ukiwa bado unatembea, moja moja, mwendo ukiwa umeshapungua. Kwa kupanda mlima ni hivyo hivyo. Ukipanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni, weka gia ndogo kabla mlima haujakushika. Ukingoja mpaka injini ilie katikati ya mlima, ule muda mfupi wa kubana klachi unatosha kupoteza mwendo wote, na unajikuta unarudi hadi ya kwanza.

Halafu kuna kushuka. Leo kijana mmoja alitupita kuelekea stesheni injini imezimwa, gia iko nyutro, na mama na mtoto nyuma yake. Nilimkuta chini anasubiri abiria, nikamwambia kwa upole kwamba gia ya pili au ya tatu ingemsaidia kuushika mwendo, breki zisibebe kila kitu. Breki za ngoma zikipata joto hupungua nguvu, na mteremko ule unaishia kwenye watu na mizigo.

"Kaka, mafuta nanunua mimi," akanijibu.

"Na breki je?"

"Hizo za bosi."

Nimecheka, lakini jibu lake limeeleza mengi kuliko somo langu. Anayelipa hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki hawezi kuona breki kama mali yake. Tajiri anayetaka pikipiki yake idumu angeanza kwa kuuliza nani analipia nini, kisha ndiyo azungumzie gia.

Mvua zikianza nitabadilisha kitu kimoja. Vumbi likipata maji ya kwanza barabara inateleza kama sabuni, na ukipangua ghafla gurudumu la nyuma linaweza kukwama na kuserereka. Hapo naachia klachi polepole zaidi, na nikiwa kwenye kona sipangui kabisa. Napangua mapema, nikiwa bado nimenyooka. Kabla ya hapo waya wa klachi unahitaji kurekebishwa, maana umekaza mno na mkono wa klachi hauna ule ulegevu mdogo unaotakiwa. Ukiachwa hivyo klachi haishiki sawasawa, inateleza na kuungua ndani ya oili, na fundi wangu atafurahi kuliko mimi. Spana namba 10 iko kwa jirani. Kesho asubuhi nitamgongea kabla hajaenda Kibirizi.