Jinsi nilivyoondoa vitundu kwenye pua ya Kabalega
Nilipomimina sanamu ya bronzi ya uso wa Omukama Kabalega, mashavu yalitoka safi, lakini pua ilijaa vitundu. Iliniuma. Mfalme wa Bunyoro, Uganda, aliyepigana na Waingereza hadi akakamatwa 1899, akahamishiwa Ushelisheli, akafia Jinja 1923 akirejea kwao, anastahili uso mzima.

Kalibu, yaani umbo la kumiminia bronzi lililofunika sura ya nta, hulala uso ukitazama juu, hivyo hewa ilinaswa puani. Mara ya pili nilibandika mrija mwembamba wa nta kutoka ncha ya pua ya sura hiyo hadi juu ya kalibu. Nta ikiyeyuka, inaacha njia ya hewa. Kisha unyevu, adui mkubwa msimu wa mvua hapa Kampala: nilichoma kalibu hadi kioo kilichoshikwa juu ya tundu la kumiminia kisipate ukungu. Ndipo nikamimina bronzi.

Pua ikatoka nzima. Kisiki cha mrija nilikikata, nikalainisha kwa tupa.