Vifaa vya kuanzia kwa anayetafuta dhahabu kwa ditekta Chunya

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kutafuta dhahabu kwa ditekta, yaani mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyo ardhini, huanza na bei ya mashine, na mara nyingi huwa ameshaamua kuimalizia fedha zake zote. Mimi humshauri abakize kiasi, kwa sababu mashine hutoa sauti tu, na kazi ya kuifuata sauti hiyo mpaka punje ikaonekana hufanywa na zana ndogondogo ambazo nyingi hupatikana sokoni, gereji au hata nyumbani. Ninaandika nikiufikiria uwanda wa Lupa, wilayani Chunya, ambako dhahabu iliyowavuta watu kwa wingi katika miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa ile iliyotawanyika kwenye vijito na mabonde, yaani aina ambayo ditekta inaweza kuinasa. Mwenye mwamba ambao dhahabu yake ni unga usioonekana kwa macho asipoteze fedha hapa. Yeye anahitaji karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na mwalo, yaani mfereji wa kuoshea unga huo kwa maji.

Katika kuchagua mashine, udongo utangulie bei. Udongo mwekundu una chuma kingi, nacho huifanya mashine nafuu iliyoundwa kutafutia sarafu ipige kelele bila kukoma, hadi mtumiaji anaipunguza nguvu na punje ndogo hazisikiki tena. Nyingi za mashine hizo hufanya kazi katika masafa ya mawimbi ya kati ya kilohezi 5 na 15, ilhali dhahabu ndogo husikika vizuri zaidi katika masafa ya juu. Gold Monster 1000 ya kampuni ya Minelab, kwa mfano, hutumia kilohezi 45, hujirekebisha yenyewe kulingana na udongo, na huja na koili mbili (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi), moja ya inchi 5 na nyingine ya inchi 10. Hiyo si mashine ya bei ya chini, lakini ndiyo ya chini kabisa ambayo ningemshauri ndugu yangu ainunue kwa kazi hii. Zipo pia mashine za mapigo, yaani zinazotuma umeme kwa vipigo vifupivifupi badala ya wimbi lisilokatika, kama GPX 5000 ya Minelab, ambazo huustahimili udongo wenye chuma na kufika chini zaidi. Hata hivyo, gharama yake ni ya watu kuchangiana, na uwezo wake wa kutofautisha chuma na dhahabu ni hafifu, kwa hiyo mgeni atafukua misumari mpaka achoke.

Bei ikiwa ya kushangaza, shuku. Minelab wenyewe wamekwisha kutoa tahadhari kuhusu mashine bandia zenye jina lao zinazouzwa barani Afrika, na nyingine hufanana na halisi hadi kwenye boksi. Omba namba ya mashine uihakiki kwa wakala anayetambulika, na usilipe kabla ya kuijaribu ardhini. Ama vile vifaa vyenye antena vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu iliyo mbali mamia ya mita, sioni sababu ya kuvijadili. Hakuna namna ya kisayansi ambayo vingeweza kufanya hivyo.

Kwa kujaribia, chukua kipande kidogo cha risasi, kama ile wavuvi wanayozamishia nyavu, ukikate mpaka kibaki na ukubwa wa punje ya mchele, kisha ukigundishe kwenye kipande cha plastiki chenye rangi kali ili kisipotee. Risasi huipa mashine mlio unaokaribiana na wa dhahabu. Ukikifukia sentimita chache kila asubuhi na kupitisha koili juu yake, utajua kama mashine imerekebishwa sawasawa, na masikio yako pia yatauzoea mlio ule dhaifu ambao mgeni huupita akidhani ni kelele ya udongo. Hapo ndipo hedifoni zinapohitajika. Spika ya mashine hushindwa na upepo, na zaidi ya hayo huwatangazia majirani wote kwamba umepata kitu, jambo ambalo machimboni si la busara. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha, mradi pini yake iingie kwenye mashine yako. Za bei kubwa zisubiri.

Vifaa viwili ninavyoviona kuwa na thamani kuliko bei yake ni sumaku na kijiko cha plastiki. Sumaku ing'olewe kwenye spika kuukuu na ifungwe mwishoni mwa mpini wa sururu, ili ukichimba uipitishe kwenye udongo uliotoka. Msumari, kizibo cha soda au kipande cha waya vitanasa, nawe utaokoa dakika nyingi. Kijiko hukatwa kutoka kwenye dumu la mafuta, kiwe kipana na chenye ncha iliyolala. Teka udongo ulikosikia mlio, upitishe juu ya koili, na kama unalia, mwaga nusu mkononi na upitishe tena iliyobaki. Endelea kugawa hivyo mpaka ibaki chembe ya udongo yenye kitu ndani yake. Kijiko cha chuma hakifai, kwa kuwa chenyewe kitalia. Kwa sababu hiyohiyo, vua pete na bangili, vaa raba badala ya buti zenye chuma kidoleni, iache simu mbali, na weka sururu hatua kadhaa kando unaposikiliza. Wanaouza ditekta ndogo za mkononi za kubainishia mahali hasa kitu kilipo watakwambia huwezi kufanya kazi bila hizo. Kwa dhahabu ndogo, kijiko cha dumu kinatosha kabisa.

Kifuniko cha koili ni cha lazima, kwani koili huburuzwa juu ya changarawe siku nzima na ikitoboka hugharimu fedha nyingi. Kuhusu ukubwa, anza na koili ndogo: hufika chini kidogo, lakini huona punje ambazo kubwa huziruka, na huingia kati ya mawe na visiki. Dhahabu ni nzito karibu mara 19 ya maji, hivyo hushuka mpaka izuiwe na mwamba au udongo mgumu. Pitisha koili kwenye nyufa za mwamba uliofunuliwa na vijito kabla ya kuzunguka uwandani. Betri nazo zisidharauliwe. Palipo mbali na umeme, paneli ndogo ya sola ya kuchajia, pamoja na betri za akiba, huzuia siku kuishia saa nane mchana.

Kabla ya yote hayo, ujue unatafuta kwenye leseni ya nani. Eneo likiwa na leseni ya uchimbaji mdogo, pata ridhaa ya mwenye nayo na mwandikiane mgawanyo mapema, maana mazungumzo hayo huwa magumu sana kipande kikishaonekana. Utakachopata kiuzwe kwenye masoko ya madini, ambayo serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019. Kwa hiyo mzani mdogo wa mfukoni, unaopima hadi sehemu ya mia ya gramu, nao uwemo katika orodha ya manunuzi ya mwanzo, ili ufike dirishani ukiwa unajua ulichobeba.