Siku Moja Korongoni: Kunywesha Ng'ombe Wilayani Kongwa

Saa 11 alfajiri ninafungua zizi. Ni Oktoba, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na kwa kuwa mkoa wetu wa Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, kiangazi tunawanywesha ng'ombe siku moja na kuruka siku inayofuata.

Saa 1 asubuhi tunaukwepa udongo mweusi wa mbugani, ambao masika hunata kama ulimbo na kiangazi hupasuka nyufa za kuweza kumvunja ndama mguu, tukapita juu kwenye ardhi nyekundu yenye mibuyu. Ugumu wa ardhi hiyo inapokauka ni miongoni mwa mambo yaliyoushinda mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza hapa Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951.

Saa 4 tunafika korongoni. Mgeni ataona mchanga mtupu, lakini korongo hili, ambalo masika hupeleka maji mto Kinyasungwe na hatimaye mto Wami, bado lina maji chini. Ninachimba karibu na mkuyu, upande wa juu wa mwamba uliolikatisha korongo, kwa sababu mwamba huo huyazuia maji yanayopita ndani ya mchanga. Mchanga wa juu ni mweupe na unaunguza. Unaofuata ni wa kahawia na unashikamana kiganjani. Kisha kuta za shimo zinatoa jasho, na maji yanajikusanya taratibu mpaka yatoshe kuchotwa kwa kata na kumiminwa horini.

"Baba mdogo, mwaka jana tuliyapata kiunoni," anasema mtoto wa kaka yangu.

Ni kweli. Leo shimo limenifika mabegani. Malori yamezoa mchanga wa ujenzi kwenye kona ya juu, na pale umebaki mwamba mtupu usioweza kushika maji ya masika yajayo. Nyumba zijengwe, sikatai, lakini mchanga huu ndio ghala letu la maji.

Saa 9 alasiri tunafunika shimo kwa matawi ya miiba na kurudi tukilisha.

Saa 2 usiku niko kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikimchorea kwa kijiti, uani kwake, kona tatu za korongo ambazo malori yasiingie.