Nyumba ya Muhumba

Jumapili tulienda kumsalimia baba mkubwa kule Muhumba, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wanaoijua ile nyumba wataelewa kwa nini sikai kimya. Ni ya wakati wa Wabelgiji, Bukavu ikiitwa Costermansville: kona ya mbele imeviringwa, dirisha moja duara kama la meli, na meko ya kuotea moto sebuleni, maana tuko mita 1,500 hivi na usiku wa hapa mnaujua.

Mzungu aliyeijenga aliondoka. Mwaka 1973, Rais Mobutu alipotangaza zairianisation, yaani mali za wageni kupewa Wazairi, mali nyingi za wageni zilibadilisha mikono, na nyumba nyingi za aina hii zikapata wenyewe wapya. Baba mkubwa yeye aliinunua baadaye, kwa jasho lake.

Tetemeko la Februari 2008 lilipasua ukuta wa barza kutoka dirishani hadi chini. Fundi akaziba na simenti, akapaka rangi isiyofanana, kovu linaonekana hadi leo. Mimi nalipenda kuliko ile milango ya vyuma waliyoweka juzi!

Majirani wengi wamekata parseli (viwanja), wamebomoa, wamepandisha etaji (ghorofa) zenye vioo vya bluu. Siwalaumu, watu ni wengi na kodi ya wapangaji inalisha familia. Lakini baba mkubwa kila akija mnunuzi anampa chai, halafu anamsindikiza hadi kwenye geti.

Sasa anatafuta fremu ya chuma ya lile dirisha duara, kutu imeila. Fundi gani pale Kadutu bado anakunja chuma hivyo? Niandikieni inboksi.