Watoto Wachanga Hawasubiri Jumamosi: Nilivyoacha Kazi ya Mshahara

Niliposema nataka kuacha uhasibu niwe mpiga picha wa watoto wachanga, nilipewa ushauri wa aina mbili, na wote ulikuwa mbovu. Wa kwanza: acha kazi leo leo, ukibanwa utajituma. Wa pili: nunua kwanza kamera ya maana. Huo wa pili niliufuata, na mpaka leo unaniuma. Karibu nusu ya akiba yangu iliishia kwenye kamera na lenzi tatu, ilhali picha nyingi ninazolipwa nazipiga kwa lenzi moja tu ya milimita 50, kando ya dirisha. Nilichokihitaji kuliko vyote kilikuwa hita ya chumba.

Hilo nililijua kwa mtoto wa tatu au wa nne hivi. Alikuwa na siku sita. Nilimvua nguo, nikamlaza juu ya blanketi jeupe kama nilivyoona wengine wakifanya, akalia. Akanyonyeshwa, akatulia, nikamlaza tena, akaanza upya. Saa mbili nzima! Mama yake alikuwa bado na maumivu ya uzazi, amekaa upande upande kwenye kiti, akinitazama kwa matumaini yaliyokuwa yakipungua kila dakika. Mwishowe bibi wa mtoto, aliyekuwa kimya kwenye kona muda wote ule, akainuka, akanishika mkono. "Mwanangu, vidole vyako barafu tupu. Wewe umevaa sweta, yeye hana kitu mwilini."

Siku ile waliondoka na picha mbili, zote za nyayo. Sikuwatoza kitu.

Sasa chumba changu hufika nyuzi 27 hivi kabla mtoto hajaingia, na hita nimeiweka mbali naye. Mikono naosha kwa maji ya moto, pete na saa navua. Mtoto aje ameshiba. Namviringisha kwanza kwenye kitambaa kinachovutika, mikono ndani, kwa sababu mtoto mchanga hushtuka mwenyewe usingizini, mikono ikiruka kama anayeanguka, na mshtuko huo ndio unaomwamsha. Simu nayo inatoa mvumo wa mvua kwa sauti ya chini, mbali na sikio lake. Picha za kwanza nazipiga akiwa amefungwa vilevile. Akizama kwenye usingizi, nafungua kitambaa kidogo kidogo, mkono mmoja kwanza. Nyayo zikianza kugeuka zambarau, najua nimembana mahali, namnyoosha hapo hapo.

Ile picha ya mtoto aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake kila mzazi anaitaka. Nakusihi, usimwache mtoto akae hivyo peke yake hata sekunde moja. Shingo yake haiwezi kukibeba kile kichwa. Zile ni picha mbili. Katika ya kwanza mama ameshika kichwa kwa juu, katika ya pili ameishika mikono ya mtoto kwa chini, na kamera iko kwenye stendi, haisogei hata kidogo. Baadaye kwenye kompyuta naziunganisha na kuifuta mikono ya mama. Picha yangu ya kwanza ya namna hiyo ilipotoka sawasawa nilikaa nikiitazama mpaka usiku wa manane.

Kwa watoto wanaokimbia, lala kifudifudi sakafuni, weka kasi ya kamera kufunguka na kufunga iwe 1/500 ya sekunde au haraka zaidi, na usiwaambie wacheke.

Kazi ya uhasibu sikuikimbia. Nilikaa nayo miezi 14, wikiendi zote nikipiga picha, mshahara ukilipa pango na picha zikilipa vifaa. Kilichonitoa ofisini ni kalenda. Mtoto hulala fofofo na kujikunja kama alivyokuwa tumboni kati ya siku ya tano na ya 14 hivi. Baada ya hapo anaanza kujinyoosha, na usingizi wake unakuwa mwepesi. Tarehe ya kujifungua nayo ni makadirio tu, watoto wengi hawaifuati. Nikapoteza wateja watatu mfululizo kwa namna moja: Jumamosi hii mama hajapata nguvu, Jumamosi inayofuata nimeshamwahidi mwingine, na ikija ya tatu mtoto hakunjiki tena. Likizo yangu ya mwaka nilishaimaliza kwa kuomba siku moja moja.

Nilipokuwa na matumizi ya miezi sita benki, na daftari la miadi limejaa miezi mitatu mbele, nikaandika barua.

Siku ya mwisho, nikiwa nakabidhi funguo za kabati la mafaili, simu ikaita. Alikuwa baba mmoja, sauti imemkauka kwa kukosa usingizi. "Dada, amewahi wiki mbili. Leo ana siku ya nne. Najua wewe ni mpaka Jumamosi."

Nikamwambia waje Jumatano, saa tatu asubuhi.