Siku yangu kwenye gofu la Coucy

Saa 2:00 asubuhi. Tumeshapanda kilima cha Coucy, kaskazini mwa Ufaransa, penye gofu la ngome ya kale, kofia ngumu kichwani. Kwanza tunatazama kipimajoto. Chini ya nyuzi 5 chokaa haiguswi. Leo ni 9, basi kazi ipo.

Mwiko niliushika Tanga nikiwa kijana, nikijenga nyumba za watu. Hapa sijengi chochote. Nalipwa ili gofu libaki gofu.

Saa 2:30 niko juu ya jukwaa na tindo, nachokonoa saruji iliyojazwa zamani kati ya mawe. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Maji yakinaswa nyuma yake, yakaganda, jiwe ndilo linalobanduka. Nikishaitoa nalowesha, nashindilia chokaa na mchanga kidogo kidogo, naacha ishike, kisha nasugua kwa brashi. Jirani yangu hapa jukwaani ana haraka. Kila wiki anarudia nyufa zake.

Saa 5:00 wageni wanaingia, na swali ni lile lile: "Mtamaliza kuujenga mnara lini?" Hatuujengi. Enguerrand III, bwana wa Coucy, aliusimamisha karne ya 13: kimo kama mita 54, upana 31, kuta nene kupita mita 7. Machi 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, wakirudi nyuma, waliulipua kwa tani 28 hivi za baruti. Vita vilipokwisha Wafaransa wakaliacha lile rundo kusudi, liwe ushahidi. Wengine wanaondoka wamenuna, kana kwamba nimewanyima kitu.

Saa 6:00 mchana, chakula. Mzee mmoja wa kazini hachoki kusimulia habari za Enguerrand IV, bwana mwingine wa Coucy, aliyewanyonga vijana watatu kwa kuwinda msituni mwake. Mfalme Louis IX alimshtaki, na mwaka 1259 akamtoza faini. Faini! Wangekuwa wao ndio wamemuua bwana, sijui kama wangeulizwa hata majina.

Mchana ni ndoo na mgongo, hakuna la kusimulia.

Saa 9:00 upepo unavuma, tunafunika kazi ya asubuhi kwa magunia mabichi. Chokaa ikikauka mbio inakuwa unga.

Saa 10:30 tunaosha zana. Kesho jukwaa linahamia ukuta wa ukumbi mkubwa, wenye ufa unaoingia mkono mzima. Msimamizi anataka tuanzie chini. Mimi ningeanzia juu, maana maji yanaingilia juu.